Dereva wa Ijumaa Asubuhi

Kuna watu ukiwakumbuka, sura ndiyo inayokujia kwanza. Yeye namkumbuka kisogo. Ijumaa baada ya Ijumaa nilikaa kiti cha nyuma cha gari la bosi wake nikikitazama kisogo hicho: kipana, kilichonyolewa vizuri, chenye mkunjo mmoja shingoni uliojikunja zaidi kila alipoanza kuhutubia. Na kuhutubia alihutubia, jamani. Hangeweza kupita mbele ya jiwe lililosimamishwa barabarani bila kukwambia lilisimamishwa kwa nini. Asipojua, alikwambia yeye mwenyewe angelisimamisha vipi.

Tulimwita Dereva. Jeddah ilijaa madereva Wakenya miaka ile. Mawakala walikuwa wakituchota nyumbani kwa makundi, huyu dereva, huyu mlinzi, huyu wa kubeba mizigo, na dada zetu wakienda kufanya kazi majumbani. Kwa hivyo kumwita mtu Dereva ilikuwa kama kumwita mtu Mtu. Lakini pale Ghulail, tulikopanga chumba watu wengi kupita kiasi, ukisema "Dereva kasema hivi," hakuna aliyekuuliza dereva gani.

Mimi nilikuwa mlinzi wa ghala la fanicha mtaa wa Sharafiya, na niseme mapema kwamba kutalii si damu yangu. Nimekulia Nakuru nikiwaona watalii wakishuka kwenye mabasi kwenda kuangalia ndege wa ziwani, na siku zote nilijiuliza, hawa watu kwao hawana kazi? Basi Ijumaa yangu ya kwanza Jeddah, siku yangu pekee ya kulala, nikagongewa mlango asubuhi. Nikafungua. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, funguo za gari mkononi.

"Wewe ndiye mgeni?"

"Ndiyo, mzee."

"Vaa. Twende uone mji."

"Mzee wangu, mimi nimekuja kufanya kazi. Sikuja kuona mji."

"Na hiyo kazi utaifanyia wapi, hewani? Vaa bwana. Yalla!"

Nikavaa. Hadi leo sijui kwa nini. Nadhani ni lile shati.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Bosi wake, mzee mmoja mtulivu aliyemwita Baba, siku ya Ijumaa alikuwa haamki hadi inapokaribia sala ya mchana. Tangu jua linapochomoza gari lilikuwa mikononi mwa Dereva, kwa sharti moja: lirudi kabla ya sala, na lirudi safi kuliko lilivyotoka. Hapo katikati ndipo alipowabeba wageni. Ukiwa Mkenya umeshuka Jeddah, na habari zako zimefika Ghulail, Ijumaa inayofuata mlango wako ungegongwa. Hakuna aliyemtuma. Ukimnunulia soda, alikushukuru, akampa mfagiaji wa barabara.

Siku ile alinipeleka kwanza kwenye baiskeli. Aliyefika Jeddah anaijua: katikati ya mzunguko wa barabara pamesimamishwa baiskeli ya chuma ndefu kama ghorofa, magurudumu yake unaweza kuyapitisha lori. Dereva aliizunguka polepole, barabara tupu, kisha akaniuliza bila kugeuka, "Umeonaje?"

"Poa," nikasema.

Akaegesha gari kando. Akazima injini. Ule mkunjo ukajikunja.

"Poa ni jibu la mtu aliyeulizwa hali. Mimi nimekuuliza umeonaje."

"Ni kubwa."

"Kubwa naijua. Nimeizunguka mara nyingi kuliko nyuki. Sikiliza, kijana. Mke wangu yuko Riyadh, anafanya kazi kwa watu. Hajawahi kufika hapa. Siku atakayofika atapewa muda kidogo, si siku nzima, na muda huo sitaki kuupoteza kwenye vitu visivyopendeza. Mimi nimeshavizoea, macho yangu hayafai tena. Kwa hivyo nawabeba ninyi. Ninyi ndio macho yangu mapya. Usiniambie poa."

Nikaona haya. Nikaitazama tena ile baiskeli, safari hii kwa dhati, nikamwambia kwamba inanitia huzuni kidogo, kwa sababu imetengenezwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kuipanda. Akawasha gari. "Basi haitakuwa ya kwanza," akasema. "Tutaiweka ya tatu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa ziara yake. Vituo havikubadilika. Kilichobadilika ni kipi kitangulie, na sisi wageni ndio tuliokuwa tukivipandisha na kuvishusha bila kujua.

Habari ya mkewe tuliijua sote kwa sababu hakuificha. Wakala aliyewasajili nyumbani aliwaambia, "Mtakuwa pamoja Saudia," nao wakashikana mikono wakafurahi. Yeye Jeddah, mkewe Riyadh. Wakadhani ni kama Thika na Nairobi, kwamba mtu akimaliza kazi Jumamosi anaruka gari, jioni anakula kwake. Dereva alipofika, akamwuliza Baba ni basi gani linakwenda Riyadh na kurudi jioni. Baba alicheka hadi akafuta machozi, kisha akamwonyesha ramani, na yeye mwenyewe akaacha kucheka. Ni kama kutoka Mombasa hadi Busia, ila badala ya kupita Nakuru unapita mchanga, na baada ya mchanga, mchanga. Walipoomba ruhusa ya kutembeleana, kafili wa mkewe, yaani mwajiri aliyemdhamini, alijibu vizuri kila mwaka, "Inshallah, mwaka ujao." Dereva alikuwa akisema, "Subira huvuta heri, lakini ya kwangu naona inavuta kwa kamba ndefu."

Mji aliujua kwa namna yake. Mtu mwingine akikuonyesha msikiti ule uliojengwa juu ya nguzo baharini, atakuonyesha kuba na mnara. Dereva alikuonyesha mahali pa kuegesha. "Alasiri, kivuli kinaanzia hapa. Yule askari wa pale mzuri, ana maji baridi. Lile geti dogo usilisogelee, watakufukuza." Mji mzima aliujua kwa nje, kwa sababu kazi ya dereva ni kungoja nje. Maduka makubwa aliyajua kwa milango wanayotokea madam na mifuko yao. Hospitali aliijua kwa benchi. Nilimwuliza siku moja kama kuna jengo lolote kati ya hayo aliyotuonyesha ambalo amewahi kuingia ndani. Akafikiria, mkunjo ukalala na kuamka. "Posta," akasema.

Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Alituonyesha bahari na kuisifu, ila mwenyewe hakuikaribia, alisema haamini kitu kisichokuwa na breki. Alikuwa Mkristo wa kuimba, Ijumaa alipandisha vioo vya gari na kutuongoza kwenye nyimbo za kwetu kwa sauti ya chini, lakini saa za adhana alizijua kuliko Waislamu tuliokuwa nao, kwa sababu duka likifungwa kwa sala ukiwa umemwacha madam ndani, kazi unayo. Barabarani hakuna aliyemwona akipiga honi, hata akichomekewa na vijana wenye magari ya kifahari. Ila mtandikie bao la drafti! Angekushtaki kwa wizi, angekukumbusha wema wake wote, angeondoka bila kwaheri, na kesho yake angekuja na njugu za kuomba msamaha.

Palikuwa pia na ule mchemraba mkubwa wa zege uliogandishwa magari ndani yake, pua zimetokeza huku na mikia kule. Wengine huucheka. Dereva akifika hapo alipunguza mwendo na kuinamisha kichwa. "Poleni, wenzangu," alisema. Kisha kwetu: "Hao walikuwa na haraka."

Na wageni walisema mambo. Mlinzi mmoja wa kutoka Kitui aliitazama baiskeli kwa muda mrefu, akasema, "Mwenyewe akija kuichukua, mimi sitaki kuwepo." Baiskeli ikapanda hadi ya pili wiki ile, kwa sababu Dereva alicheka mpaka mtaa wa Hamra, na alisema mkewe hupenda kucheka. Mfanyakazi mmoja wa kutoka Kajiado alisimama mbele ya bahari akatikisa kichwa kwa uchungu: "Maji yote haya, na hakuna ng'ombe hata mmoja anayekunywa!" Balad, kwenye zile nyumba za kale za mawe ya matumbawe, zenye madirisha ya mbao yaliyotokeza nje kama kabati lililoning'inizwa, tulikuwa na bwana mmoja wa Lamu. Akagusa ukuta, akanusa kidole, akatugeukia amekasirika. "Yaani nimepanda ndege, nimepimwa damu, nimepigwa mihuri, nimekuja kuonyeshwa kwetu?" Dereva hakumsahau. Alisema neno lile ndilo sifa kubwa kuliko zote Balad iliyowahi kupewa, na tangu hapo Balad haikushuka chini ya nafasi ya pili.

Nafasi ya kwanza haikuwahi kuguswa. Ilikuwa ya ile chemchemi ya baharini, inayorusha maji juu kuliko jengo lolote la jirani. Sasa sikia kichekesho. Sisi tulizunguka asubuhi, na asubuhi chemchemi huwa imezimwa. Inawashwa jioni, na jioni Dereva yuko kazini, nasi wengine tuko kazini au tumechoka. Basi Ijumaa ilipofika zamu ya chemchemi, alitupanga kwenye ukingo wa bahari, akatunyamazisha, akanyoosha mkono kuelekea mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Hapo mnapoona hakuna kitu," alianza, "jioni maji hutoka baharini yakiwa yamekasirika, yakapanda, yakapanda, hata ukidhani yamefika yanapanda bado. Taa zinayapiga chini, yanakuwa meupe. Upepo ukija unayachukua juu kabisa, kama mtu anayekung'uta shuka. Na ukisimama hapa, hapa hasa, yanakunyunyizia usoni."

Hotuba yenyewe ilikuwa ndefu zaidi ya hapo, na sote tuliijua kwa moyo. Yule bwana wa Lamu aliita mahali pale "maji ya hadithi." Nilimwuliza Dereva aliyaonea wapi, kama jioni hatoki. Akasema nyumba ya Baba iko Hamra, nyuma ya barabara mbili tu kutoka baharini, na chumba chake kiko kando ya geti, kwa hivyo kila jioni akisimama mlangoni anaona ncha ya maji juu ya ukuta wa jirani. "Lakini ncha si kitu," akasema haraka. "Lazima uione kutoka kwenye mzizi. Yeye nitamsimamisha kwenye mzizi."

Chumba hicho sasa. Miaka yote niliyomjua hakuna aliyekiona. Alitupeleka kila pembe ya mji, lakini ukimsindikiza hadi geti la Baba alikuaga barabarani. Siku moja mvua ilitukuta, mvua ya Jeddah inayokuja kwa nadra na kuufanya mji mzima kidimbwi, tukasimama getini tumelowa chapachapa, nikamwambia, "Mzee, si utukaribishe hata chai?" Akasema gesi imeisha. Mwezi uliofuata nikajaribu tena, gesi ilikuwa bado imeisha. Watu walimsema kuwa ni mchoyo. Mimi pia nilimsema. Nilishangaa tu mchoyo wa aina gani anakunyima kikombe cha chai na kukupa asubuhi yake yote ya mapumziko.

Mkewe tulimfahamu kwa sauti. Dereva alimpigia simu kila alipokuwa akingoja mahali, akiweka spika, na kama tupo tulimsalimia shemeji. Alikuwa na sauti ya mtu anayezungumza huku akifanya kazi nyingine, na nyuma yake ulisikia sufuria, bomba, mtoto akilia kwa Kiarabu.

"Uko wapi saa hizi?" angeuliza.

"Niko kwenye baiskeli."

"Bado hawajampata mwenyewe?"

"Bado."

"Haya. Ngoja nigeuze wali."

Na Riyadh Dereva alifika mara moja. Baba alikwenda kumwona dada yake, akataka kwenda kwa gari. Aliporudi tulimzingira atueleze mji mkuu, maana yeye ndiye mtaalamu wa vivutio. Akasema ameona lile jengo refu lenye tundu juu, kama kifungua chupa cha jitu. Ameona ngome ya udongo ya zamani, mlango wake mnene kama godoro. "Na kitu kizuri kuliko vyote Riyadh," akasema, "ni pipa la taka."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Baba alipokaa kula kwa dada yake, Dereva aliomba ruhusa kidogo, akauendesha ule mji asioujua hadi mtaa wa mkewe. Wageni hawaruhusiwi getini. Basi mkewe akatoka na mfuko wa taka kuutupa kwenye pipa la kijani upande wa pili wa barabara, na Dereva akawa amesimama pale kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Wakasemezana. Akarudi ndani, akatoka na mfuko mwingine. Wakasemezana. Akarudi, akatoka na mwingine, huo ukiwa na maganda ya kitunguu tu. "Siku ile," alituambia Dereva, "ungedhani nyumba ile ina harusi." Mfuko wa mwisho ulikuwa mtupu kabisa, umepulizwa hewa, na mkewe alipoutupa upepo ukaupeperusha barabarani, wakausindikiza kwa macho wote wawili wakicheka. Halafu akaitwa ndani.

Yule wa Lamu alijidai kuna kitu kimemwingia jichoni. Mimi nilitoka nje kabisa.

Miaka ikaenda. Mkataba wangu ukawa unaelekea ukingoni, nimeshanunua blanketi la kumpelekea mama, nikawa nahesabu wiki. Ndipo alasiri moja ya siku ya kazi, wakati wa likizo ya shule, nikamwona Dereva amesimama mbele ya ghala langu. Hakuwahi kuja kazini kwangu. Akakalia kreti, akavua kofia, akaivaa tena.

"Anakuja," akasema.

"Nani?"

"Wewe! Unaniuliza nani?"

Familia ya Riyadh ilikuwa imekuja kupumzika baharini, kaskazini ya mji, na mkewe wamekuja naye. Alipoona bahari akajipa moyo akamwambia madam wake moja kwa moja, mume wangu yuko katika mji huu. Madam akashangaa, akasema nenda kesho ukamwone, uende alasiri, urudi kabla ya Isha, kuna wageni wa chakula. Baba naye kalitoa gari bila kuombwa mara mbili.

"Nataka uje unipigie picha," Dereva akaniambia. "Yule wa Lamu hukata watu vichwa."

Kesho yake gari lilikuwa linang'aa hata nikaogopa kulikalia. Ameweka boksi la tishu, chupa ya maji, kama anayembeba bibi harusi. Njia nzima alikuwa akipanga kwa sauti: msikiti, baiskeli, chemchemi ikiwashwa, Balad kwa miguu, kurudi. "Ijumaa tunaimaliza yote na muda unabaki," alisema. Nami nikaitikia, maana ni kweli, Ijumaa tulikuwa tunaimaliza yote.

Tulipofika kwenye nyumba waliyofikia, shemeji akatoka amevaa baibui jeusi, mwembamba kuliko sauti yake, akitembea upesi kama mtu anayeogopa ruhusa itabatilishwa. Pale barabarani hapakuwa mahali pa kukumbatiana. Wakapeana mikono, wakasahau kuachana. Kisha Dereva akamfungulia mlango wa nyuma wa gari, naye akaingia nyuma, akakaa, akaweka mikono mapajani. Mazoea, haki ya Mungu! Yeye miaka yote kafungua mlango wa nyuma kwa wanawake, na mwenzake miaka yote kakalishwa nyuma na watoto wa watu. Tukaondoka hivyo, mimi mbele kama bosi.

"Samahani," nikasema tulipofika kona. "Humu ndani kuna mtu amekosea kiti."

Wakatazamana kwenye kioo, wakaangua kicheko. Tukabadilishana, nami nikarudi kwenye kisogo changu. Siku ile kisogo hicho hakikutulia, kila mara kilikuwa kikigeuka kulia, nikawa najiombea tusigonge.

Lakini Dereva alikuwa amesahau kitu kimoja, na mimi nilikuwa nimesahau pamoja naye. Miaka yote tulifanya mazoezi Ijumaa asubuhi, mji umelala. Hii ilikuwa jioni ya likizo, na Riyadh yote ilikuwa imehamia Jeddah na watoto wake, majamvi yake na birika zake za kahawa. Barabara ya baharini ilikuwa imesimama. Magari pande zote, watu wanauziana puto katikati ya magari. Tukasogea kidogo, tukasimama. Tukasimama zaidi.

"Kulia kwenu," akaanza Dereva kwa sauti yake ya hotuba, "mtaona msikiti uliojengwa juu ya..."

"Naona basi," akasema shemeji.

Kweli, lilikuwa basi. Lilipoondoka likaja lingine. Kuba la msikiti tuliliona mara moja, dogo, kati ya vioo viwili. Adhana ya magharibi ikalia tukiwa palepale. Nikaliona shati lake limeloa mgongoni. Mtu ambaye sijapata kumsikia akipiga honi akaweka kiganja kwenye honi na kukiacha hapo. Iliniuma, jamani. Nilifikiria Ijumaa zote zile, wageni wote aliowauliza umeonaje, na sasa aliyekuwa akitafutiwa majibu yuko ndani ya gari na anaonyeshwa matako ya mabasi.

"Baba Neema," akasema shemeji, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Ngoja, nikikata hapa tutatokea kwenye baiskeli. Baiskeli tu, hata kama..."

"Unalala wapi?"

"Nini?"

"Wewe. Unalala wapi?"

"Si nilishakwambia, kwa Baba, Hamra. Pale hakuna cha kuona."

"Nipeleke."

"Mama Neema, tutakosa chemchemi. Nimekupangia—"

"Mimi hiyo chemchemi nishaijua kwa kuambiwa. Na baiskeli, na magari ya kwenye zege, nimeshachoka nayo. Ukiwa kwenye simu najua uko wapi. Ukikata simu ukaenda kulala, sijui uko wapi. Najilaza na mimi, najaribu kukuona, sikuoni. Nipeleke nione."

Dereva akaondoa mkono kwenye honi. Akakunja kushoto kwenye kichochoro ambacho nisingejua ni njia, akapita nyuma ya maduka, nyuma ya hoteli, nyuma ya hospitali yenye lile benchi, kote nyuma, njia za madereva, na barabara zikafunguka. Punde tukawa Hamra.

Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda, kigoda, mashati matatu au manne yamening'inizwa msumarini, jiko la gesi chini, sufuria limefunikwa kitambaa. Ukuta hauna kitu. Nikaelewa papo hapo kwamba gesi haikuwa imeisha hata siku moja. Mtu aliyetuonyesha mji mzima aliona haya kutuonyesha hapa.

"Ni kidogo," akasema.

Shemeji alisimama katikati akazunguka polepole, kama tulivyokuwa tukizunguka ile baiskeli. Akagusa mashati. Akabonyeza mto kwa kiganja kuona ugumu wake. Akaenda kwenye kidirisha akachungulia anachokiona mumewe akiamka. Hakusema ni kizuri, hakusema ni kibaya. Kisha, kwa mazoea yaleyale, akainama akashika sufuria.

Dereva akamnyang'anya. "Kaa."

"Nipe nikupikie upesi, muda—"

"Nimesema kaa. Wewe ni mgeni."

Akamtolea kigoda mlangoni penye hewa. Akachemsha maziwa, akaponda tangawizi kwa kitako cha kikombe, akaonja, akaongeza sukari, akaonja tena. Mimi nikapewa yangu nje, kwenye ngazi ya geti. Nilikuwa na hasira kidogo na chai ile, kwa utamu wake, na kwa kunyimwa miaka yote. Shemeji akapuliza, akanywa funda moja, akasita. Akakitazama kikombe.

"Nini?" Dereva akauliza. "Sukari?"

"Hapana." Akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Tangu nishuke kwenye ndege nchi hii, hii ndiyo chai ya kwanza ambayo sikuipika mimi."

Dereva akageuka nyuma, akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake wote. Macho yalikuwa yamejaa na mdomo unacheka. Nikaona bora nifanye nilichoitiwa. Nikawapiga picha, yeye kachuchumaa kando ya kigoda, mwenzake na kikombe, mashati nyuma yao. Sikukata kichwa cha mtu.

Ndipo kule juu ya ukuta wa jirani maji yakapanda. Meupe, yamepigwa taa, yakapanda na kupanda, upepo ukayachukua kule juu. Miaka yote nilisimamishwa mbele yake yakiwa hayapo, na sasa ndiyo hayo. Shemeji akanyoosha shingo.

"Na ile ni nini?"

Nikaweka kikombe chini, nikajiandaa. Hotuba ile naijua neno kwa neno.

"Ile?" Dereva akasema, wala hakuinua macho. "Maji tu. Kunywa chai."